Moto Juu, Moto Chini: Hemu ya Krismasi Njia Panda ya Kyumbi

Wiki ya Krismasi njia panda ya Kyumbi hailali. Magari yanayotoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa hugawana hapo: mengine yananyoosha kuelekea Emali na Pwani, mengine yanakata kushoto kupanda Machakos. Ndani ya buti mna unga wa ngano, mafuta ya kupikia, kreti za soda na nguo mpya za watoto. Mara mojamoja huwamo pia pande la nyama ya rangi ya waridi, limebanwa ndani ya plastiki hadi halina hewa, limelazwa juu ya barafu kama mgonjwa.

Pande hilo ni hemu, yaani paja la nguruwe lililolazwa kwenye chumvi, na katika sikukuu ya Ukambani ni mgeni kabisa. Krismasi ya huku ni ya mbuzi. Anachinjwa asubuhi, mbavu zinakwenda kwenye makaa, matumbo yanakwenda kwa wanaojua kuyaosha, na pembeni pana chapati, pilau, pengine na muthokoi. Hemu inaletwa na kijana anayefanya kazi mjini, aliyeionja kwenye karamu ya kampuni ikiwa imeng'aa kama fanicha iliyopigwa vanishi, akaamua kwamba mwaka huu nyumbani nao wataionja.

Nchini Kenya nyama hii ina historia, ila si ya Machakos. Walowezi wa Kizungu walianza kuisindika mwanzoni mwa karne ya 20, na kiwanda kilichojulikana zaidi kilikuwa Uplands, upande wa Lari, Kiambu. Wenye kumbukumbu ndefu hawalikumbuki jina hilo kwa sababu ya beikoni tu: mwaka 1947 wafanyakazi wa Uplands waligoma, na polisi wakawafyatulia risasi na kuua. Mwaka 1980 ilianzishwa Farmer's Choice, na taratibu soseji na hemu zikatoka kwenye meza za hoteli zikaingia kwenye majokofu ya madukani. Hata hivyo, kwa wengi hemu ilibaki kipande chembamba ndani ya mkate. Paja zima la kilo 3 ni habari nyingine.

Tumchukue basi mama mmoja wa Kyumbi aliyewekewa paja hilo mezani jioni ya tarehe 24. Hana oveni. Ana jiko la makaa, sufuria za kila ukubwa na uzoefu wa miaka mingi wa kuoka keki bila umeme. Wengi wangemwonea huruma. Safu hii inadai kwamba katika hatua ngumu kuliko zote, ile ya kung'arisha, vifaa vyake vinafaa kuliko oveni nyingi za mjini.

"Mwaitu, mama, si hii imeshaiva? Ona rangi," anasema kijana aliyeileta.

"Rangi haijapika chochote. Nisomee karatasi."

Mama yuko sahihi, na hapa ndipo hemu nyingi huharibikia. Nyama mbichi ya kawaida huanza nyekundu na kumalizia kijivu. Hemu hubaki ya waridi kabla na baada ya moto, kwa sababu maji ya chumvi ilimolazwa yana nitriti ya sodiamu kidogo sana. Nitriti hugeuka kuwa gesi inayojishika na mayoglobini, ile protini inayoipa nyama wekundu, na moto ukipita rangi inaganda hivyo hivyo. Kazi yake nyingine ni kuzuia bakteria wa sumu ya botulizimu. Kwa hiyo jicho haliwezi kutofautisha hemu iliyokwisha kupikwa kiwandani na ile iliyotiwa chumvi tu ikabaki mbichi. Anayejua ni karatasi iliyobandikwa kwenye plastiki. Iliyopikwa na kufungwa kiwandani inahitaji kupashwa hadi katikati ifike nyuzi 60 za Selsiasi. Mbichi lazima ipikwe: kipimo cha Marekani ni nyuzi 63 kisha ipumzike dakika 3, ingawa kwa jiko la makaa, ambalo moto wake haulingani pande zote, ni busara kulenga 70. Kipimajoto cha nyama hakina mbadala. Aliyekikosa achome kisu hadi kwenye mfupa, akiache kidogo, kisha akiguse. Ni kipimo cha kubahatisha, kwa hiyo apike zaidi kuliko pungufu.

Ya mama wetu ni mbichi. Anailaza kwenye sufuria ya maji baridi usiku kucha, mahali pa baridi, ili chumvi ipungue, kisha anayamwaga maji yale. Asubuhi anaiteleka kwenye maji mapya pamoja na kitunguu na punje za pilipili manga. Kanuni ya zamani ya Waingereza ni dakika 20 kwa kila nusu kilo, na 20 za nyongeza; kwa kilo 3 ni kama saa mbili na dakika 20. Atakayekumbuka somo la fizikia atauliza kuhusu mwinuko. Machakos iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Maharagwe yanalijua hilo vizuri sana. Hemu haijali, kwa kuwa hata Pwani haitakiwi kutokoteshwa: maji yatetemeke tu, povu moja hapa, jingine pale. Yakichemka kwa fujo, nyuzi za nyama hujikaza na kukamua maji yake, na kinachobaki ni kamba yenye chumvi.

Kisha nyama inatolewa, na ngozi inavuliwa ikiwa bado moto. Kisu kinapita chini yake, vidole vinavuta, nayo hutoka kama soksi iliyolowa. Chini yake kuna tabaka jeupe la mafuta, unene wa kidole hivi, na mpako wote wa hemu hukaa hapo. Mafuta yanachanjwa kwa mistari inayokatana hadi yawe na vyumba vya umbo la almasi, bila kisu kugusa nyama. Vyumba hivyo vina kazi mbili: mafuta yakiyeyuka yanapata njia ya kutoka, na asali inayopakwa inapata mtaro wa kujishika. Katikati ya kila almasi huchomekwa karafuu moja. Wapishi wa Ulaya na Marekani hufanya hivyo kila Desemba, na kwa muda mrefu sehemu kubwa ya karafuu za dunia ilitoka Unguja na Pemba. Kiungo hiki kimewahi kusafiri hadi Virginia ili kichomekwe kwenye paja la nguruwe. Leo kimeishia Kyumbi, safari fupi zaidi.

Mpako wenyewe ni hesabu ya sukari. Sukari ya kawaida huanza kugeuka karameli karibu na nyuzi 160. Asali ina fruktosi nyingi, ambayo hubadilika rangi mapema zaidi, karibu na nyuzi 110. Ndiyo maana asali huipa nyama mng'ao upesi na huiunguza upesi vilevile. Asali ya Ukambani, ya nyuki wanaozunguka migunga upande wa Kitui na Mwingi, haina haja ya kusifiwa hapa, lakini ikiachwa peke yake itateleza hadi chini ya sufuria na kuwa lami. Anaisaidia kwa sukari nguru, ile ile inayonunuliwa na watengeneza pombe, kwa kuwa bado ina molasi na hufanya kazi ambayo vitabu vya kigeni huipa sukari ya kahawia. Vijiko vinne vya asali, viwili vya sukari nguru iliyopondwa, juisi ya machungwa mawili, kijiko cha haradali; vinachemshwa hadi mchuzi ufunike mgongo wa kijiko na kidole kikipita kiache njia.

Tahadhari moja kuhusu nanasi, kwa sababu mapishi mengi hulitaja. Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, kinachokula protini; juisi yake ikilala juu ya nyama usiku kucha, uso wa nyama huwa uji. Ikichemshwa kwanza, bromelaini hufa na tatizo huisha. La kopo limekwisha kupikwa.

Sasa moto. Oveni ya kawaida huzungushia nyama hewa ya joto, na mpishi asiyekuwa na joto linalotoka juu hulazimika kusubiri hadi asali ikaukie. Njia ya keki ya kijijini ni tofauti: sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, sufuria ndogo ndani yake, kifuniko cha bati bapa, na makaa juu ya kifuniko. Mchanga si pambo. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na makaa yanayopulizwa yanaweza kuvuka hapo. Sufuria kavu isiyo na mchanga inaweza kujikunja au kutoboka. Kwa keki makaa hugawanywa karibu sawa. Kwa hemu nyama imeshaiva, kwa hiyo chini yabaki machache na juu yawekwe mengi, kiasi cha theluthi mbili, yakiwa yameshika majivu meupe. Joto linamulika kutoka juu moja kwa moja kwenye mafuta, mahali hasa linapotakiwa. Mikahawa mikubwa hununua mashine kwa kazi hiyo.

Kuna adui mmoja: mvuke. Sufuria iliyofunikwa kabisa hukusanya unyevu, na uso wenye unyevu hauvuki nyuzi 100, kwa hiyo haupati rangi. Dawa ni mbili. Kwanza nyama inafutwa kwa kitambaa safi hadi mafuta yaguswe bila kulowesha kidole. Pili, kijiti kinawekwa ukingoni ili kifuniko kikae wazi kidogo. Anapaka mara ya kwanza, anafunika dakika 8. Anapaka tena, dakika 8. Mara ya tatu hatoki pale. Mlio ndio unaomwongoza. Mwanzo ni mnong'ono wa maji yanayokauka, halafu mafuta yanakaanga, halafu kunakuja ukimya wenye harufu ya karameli na ya kuungua kwa mbali. Ukimya huo ukidumu dakika mbili, chakula kimegeuka makaa. Anainua kifuniko kwa koleo, majivu yakielekezwa mbali na upepo, na pale ndani almasi zimekuwa rangi ya chai ya rangi, kingo zake karibu nyeusi.

Kukata kusubiri dakika 20. Ni vigumu kuwaeleza watoto.

Kinachokwenda nayo mezani Wamarekani wangekiita salsa ya matunda. Kyumbi ni kachumbari, ila nyanya imempisha embe. Majira yanasaidia, kwani maembe ya Machakos na Makueni huanza kujaa sokoni karibu na Desemba na kuendelea hadi Machi. Aina ina maana. Ngowe, refu lenye ncha iliyopinda kama mdomo wa ndege, asili yake pwani ya Lamu, ni tamu na laini mno. Likikatwa vipande vidogo huwa rojo. Apple la Kenya hufaa likiwa bado gumu kidogo begani. Tommy Atkins, lililotoka Florida, wapenda maembe hulidharau kwa nyuzi zake, lakini kwenye bakuli la kachumbari linashika umbo hadi jioni.

Kitunguu hukatwa chembamba, husuguliwa kwa chumvi, huoshwa na kukamuliwa, kama Mswahili yeyote afanyavyo. Embe linakatwa vipande vya sentimita moja, dania, pilipili moja iliyotolewa mbegu, ndimu mbili. Chumvi ya mwisho isitiwe hadi sahani ziwe mezani, maana chumvi huvuta maji kutoka kwenye tunda na bakuli huwa supu ndani ya nusu saa. Tena iwe kidogo sana: hemu imeleta yake. Kazi ya kachumbari hii ni ukali wa ndimu dhidi ya mafuta na chumvi, na wapishi wanaoongeza sukari humo hawajaionja nyama kwanza.

Msomaji asiyekula nguruwe, awe Mwislamu au Msabato, hajaachwa nje. Paja la mbuzi lililochemshwa taratibu hadi kuiva, au bata mzinga, hupokea mpako huu na moto huu kwa dakika zile zile za mwisho.

Hemu ya leo isichukuliwe kama nyama kavu ya zamani iliyoning'inizwa miezi kadhaa. Ina maji mengi, na huharibika kama mchuzi wowote: isizidi saa mbili mezani, na nyumba isiyo na friji ialike watu wa kutosha. Jioni ya tarehe 25 hubaki mfupa wenye mabaki ya nyama na matone ya asali iliyoungua. Mama anautumbukiza kwenye sufuria ya mbaazi kavu zilizolowekwa tangu asubuhi, bila chembe ya chumvi, anafunika, na kuhamishia makaa yote chini.