Hakika ya Nani?

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, na niliifasiri nikiwa nimesimama. Ilitoka kwenye barua ya mradi wa ujenzi: "The contractor is certain to finish by June." Nikaandika, "Mkandarasi ana hakika ya kumaliza ifikapo Juni," nikampelekea mhariri wetu, mzee wa Tanga ambaye penseli yake ilikaa sikioni tangu asubuhi mpaka jioni. Akasoma, akaishusha penseli, akalizungushia duara neno moja.

"Bwana mdogo, hakika hii ni ya nani?"

"Ya mkandarasi, mzee."

"Umemwuliza?"

Sikuwa nimemwuliza. Mzee akanyanyuka, akachukua rafuni kamusi yake ya Hornby iliyofungwa mgongo kwa gundi ya karatasi, akaifungua kwenye "certain" na kuniachia nisome mwenyewe. Kumbe "certain of finishing" ni jambo moja na "certain to finish" ni jingine kabisa. Katika la kwanza, hakika imo kichwani mwa mkandarasi. Katika la pili, hakika ni ya anayesema; mkandarasi mwenyewe huenda amekata tamaa, huenda hata hajui kwamba anazungumziwa. Ukitaka ushahidi, mwondoe mkandarasi uweke paa: "The roof is certain to leak." Bati halina hakika ya kitu chochote. Aliye na hakika ni yule anayelitazama kutoka chini, ndoo mkononi.

Tangu siku ile swali la mzee limekuwa langu. Kila kivumishi cha Kiingereza kinachofuatwa na "to" na kitenzi, nakiuliza: ya nani? Hisia ni ya nani, na anayetenda ni nani? Kiingereza kina tabia ya kukunyima jibu waziwazi. Kinazipanga sentensi mbili sare kama askari gwarideni, na tofauti yote kinaificha ndani ya kivumishi.

Mfano mashuhuri ni wa "easy" na "eager", jozi aliyoitumia Noam Chomsky mwaka 1964 kuonyesha kwamba sura ya sentensi haitoshi kuieleza. Sema "Juma is eager to please", Juma ndiye anayehangaika kuwaridhisha wenzake. Sema "Juma is easy to please", Juma ameketi, wanaohangaika ni wengine. Neno moja tu limebadilika, na mtenda amekuwa mtendwa. Ukiwa na shaka, kuna kipimo: ianze sentensi kwa "it". "It is easy to please Juma" inakubali. "It is eager to please Juma" inakataa, isipokuwa unamzungumzia mbwa wake.

Sisi hatusumbuliwi na hilo, kwa sababu Kiswahili hakikiachii kivumishi mzigo mzito namna hiyo. Juma wa kwanza ana hamu ya kuridhisha. Wa pili ni mwepesi wa kuridhishwa. Herufi "w" imefanya kazi yote. Hata ile pakiti ya dukani iliyoandikwa "ready to eat", inayowachekesha Waingereza wenyewe wakifikiri juu ya kuku aliye mezani, kwetu haina utani wowote. Kuku aliye tayari kula yuko uani anasubiri pumba, na kuku aliye tayari kuliwa yuko kwenye sahani.

Tunayo pia kauli ya kutendeka, ambayo ningeisifu hata mbele ya mfalme. Njia haipitiki. Maji hayanyweki. Nyumba haikaliki. Mtafute Mwingereza umwambie alifasiri hilo la mwisho, atakupa "The house is impossible to live in", maneno saba kwa mawili yetu, na lile "in" la mwisho limebaki linaning'inia kama kamba isiyo na ndoo. Lakini nisijidai kupita kiasi. Mwingereza akishaijenga sentensi yake hiyo anaweza kukitoa kivumishi na kutia kingine: nyumba ni "pleasant to live in", ni "dangerous to live in", ni "expensive to live in". Kauli yetu inajua mambo mawili tu, inawezekana au haiwezekani, na ukitaka zaidi ya hapo utaanza kuzunguka. Yakalika, lakini kwa gharama. Yakalika, lakini kwa hofu.

Palipo na sheria mwanafunzi hujikongoja akafika. Shida ni pale pasipo na sheria. "He is likely to come" ni sahihi. "Possible" na "probable" zinakaribiana sana na "likely" kwa maana, basi mwanafunzi mwenye akili anakwenda mbele na kuandika "He is possible to come", anakatwa alama, na mwalimu akiulizwa sababu hana zaidi ya kusema hawasemi hivyo. Na kweli hawasemi hivyo. "Possible" inataka "it" mbele na kishazi cha "that" nyuma: "It is possible that he will come." Wala "busy" haitaki "to", mtu yuko "busy cooking". Hakuna hoja hapa. Ni mazoea, na mazoea hayakisiwi. Lazima mtu akae chini ayaandike, neno baada ya neno.

Aliyekaa chini ni A. S. Hornby, mzaliwa wa Chester, aliyekwenda Japani mwaka 1924 kufundisha katika chuo cha biashara mjini Oita. Vijana aliowakuta walitaka lugha ya kutumia, na kujua maana ya neno hakukuwatosha. Mtu anaweza kuijua maana ya "likely" miaka kumi asithubutu kuitia katika sentensi, maana hajui nini kinaifuata. Harold Palmer alikuwa ameanzisha mjini Tokyo taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza. Hornby akajiunga na kazi hiyo, na Palmer alipoondoka mwaka 1936 akaishika yeye. Pamoja na wenzake wawili, Gatenby na Wakefield, wakatengeneza kamusi isiyoishia kwenye maana. Vitenzi vilipangwa katika ruwaza 25, ili msomaji aone kila kitenzi kinakwenda na nini. Kamusi hiyo ilitoka Tokyo mwaka 1942, wakati Japani na Uingereza zimo vitani. Mwaka 1948 Oxford wakaichapisha upya, na hiyo ndiyo iliyozaa kamusi ya mzee wetu yenye mgongo wa gundi. Baadaye, mwaka 1954, Hornby alitoa kitabu kizima cha ruwaza, na humo vivumishi navyo vikapata nafasi yao.

Nikilifikiria hilo huwa naiona kazi ya mikono zaidi kuliko ya akili: unasoma, unakutana na "afraid", unaandika imefuatwa na nini. "Afraid to cross", anaogopa kwa hiyo havuki. "Afraid of falling", anavuka huku moyo unamdunda. "I'm afraid that", hapo mara nyingi hakuna anayeogopa kitu. Karani anataka kukuambia kwa adabu kwamba faili lako halionekani. Neno moja, milango mitatu, na kila mlango unaingiza katika chumba chake.

Kuna jozi nyingine ambayo ningetamani mashuleni isipitwe mbio. "It was kind of you to come", lakini "It was hard for you to come". Kwa nini "of" huku na "for" kule? Lirudishe swali la mzee. Wema ni wa nani? Ni wako, kwa kuja umejionyesha kuwa mwema. Ugumu je? Wewe si mgumu, safari ndiyo iliyokuwa ngumu. Basi "of" inambandika mtu sifa na "for" inamtwisha mzigo tu.

Na kuna mahali ambapo lugha hizi mbili, zisizo na undugu hata wa mbali, zinapeana mkono. "It is obvious that she was told": ni dhahiri kwamba aliambiwa. "It is essential that she be told": ni lazima aambiwe. Itazame ile "be" iliyobaki tupu, bila "is" wala "was". Zamani Kiingereza kilikuwa na viambishi vyake kwa jambo linalotakiwa lakini halijawa. Vimechakaa, na leo wengi Uingereza huongeza "should" kuziba pengo. Chetu kingali kizima. Mtoto asiyejua hata kushika kalamu anaijua "-e" ya aambiwe, aje, ale, na hawezi kuichanganya na aliambiwa.

Kazi ya Hornby ya kuandika ruwaza waliiendeleza wataalamu wa Birmingham kwa kompyuta. Kamusi yao ya COBUILD, chini ya John Sinclair, ilitoka mwaka 1987 ikitegemea matini halisi kwa mamilioni ya maneno, na mwaka 1998 kikafuata kitabu cha ruwaza za nomino na vivumishi. Waligundua kuwa maneno yanayoshiriki ruwaza hukaribiana pia kwa maana: "glad", "sad" na "proud" hukaa pamoja mbele ya "that", na "sure" na "aware" nazo zina kundi lao. Nakiheshimu kitabu hicho, ila sikisomi kwa raha ninayopata kwa Hornby.

Siku ile mzee hakunihubiria. Alichora mstari juu ya "ana hakika ya kumaliza", na pembeni, kwa herufi ndogo, akaandika "hatakosa kumaliza". Maneno mawili, na hakika imerudi kwa mwenyewe, mwandishi wa barua. Juni ilipofika mkandarasi alikuwa bado anachimba msingi.