Ujumbe Uko Wapi katika Tango la Pugliese?

Kuna tabia moja katika uhakiki wetu ambayo, kusema kweli, imenichosha. Mpe mtu kazi ya sanaa aihakiki: anakimbilia maneno, anachota dhamira mbili tatu, fani anaitupia aya ya mwisho, basi, kazi imekwisha. Mhakiki wa namna hiyo mimi nampa "La yumba", tango ambalo Osvaldo Pugliese alilirekodi mwaka 1946. Halina neno hata moja. Sasa atachota nini?

Pugliese (1905-1995), mpiga piano wa Buenos Aires, alijiunga na Chama cha Kikomunisti cha Argentina mwaka 1936, wala hakuficha. Alifungwa zaidi ya mara moja, na kuna nyakati muziki wake ulizuiwa redioni. Okestra yake ilipanda jukwaani bila yeye, ua jekundu likiwekwa juu ya piano, na hadhira ikaelewa. Wengi wanaomwandika huishia kwenye ua hilo. Ni kisa kitamu, lakini kiko nje ya muziki.

Mimi nasema itikadi yake tuitafute ndani, kwenye fani. Okestra aliyoianzisha mwaka 1939 iliendeshwa kwa ushirika: mapato yaligawanywa kwa pointi kulingana na mchango wa kila mmoja, na wanamuziki wenyewe walitunga na kupanga vipande vya kundi. Hebu sikiliza basi. Ngoma hakuna. Bandoneoni (jamaa ya akodioni), fidla, besi na piano zinakanyaga pigo kwa kishindo, yum-ba, yum-ba. Jina lenyewe linaigiza mlio huo. Halafu ghafla mwendo unalegea, karibu usimame, fidla moja inabaki ikilalama, na wote wanarudi kwa mpigo mmoja. Bila ngoma ya kuwashika, watu wote wale hawawezi kulegeza mwendo namna ile kama kila mmoja hamsikilizi mwenzake.

Utaniuliza: kwani okestra ya bosi na vibarua haiwezi kusikilizana? Swali la haki kabisa. Tena "Recuerdo", tango lake maarufu, alilitunga mwaka 1924 akiwa bado kijana, chama hakuna, ushirika hakuna. Kwa hiyo sidai kwamba ushirika ulizaa kipaji. Nadai jambo dogo zaidi: mtindo ule ulihitaji watu waliokaa pamoja muda mrefu, na ushirika uliwaweka. Osvaldo Ruggiero alipiga bandoneoni humo tangu 1939 hadi 1968. Nani humvumilia bosi miaka yote hiyo?

Mwaka huo wa 1968 Ruggiero na wenzake waliondoka na Sexteto Tango yao. Pugliese, miaka 62, akakusanya wengine na kuanza upya, na kishindo kile kikabaki. Desemba 1985, akiwa ametimiza miaka 80, aliipeleka okestra Teatro Colón, jumba la opera la Buenos Aires, na "La yumba" ikapigwa humo.