Mahakama na Sinia: Wafu Mashuhuri katika Fasihi ya Kenya na katika Mitaa ya Eastlands

Kuwazia karamu ambamo watu mashuhuri wa kale wanaalikwa huchukuliwa mara nyingi kuwa mchezo wa barazani. Makala haya yanaichukulia karamu hiyo kuwa suala la kihakiki. Anayewaalika wafu hulazimika kuamua mambo matatu: nani aketi na nani, nani apike, na mazungumzo yaelekee wapi. Kila uamuzi miongoni mwa haya ni msimamo kuhusu historia. Hoja yetu ni kwamba fasihi ya Kenya imezoea kuwaita wafu wake mahakamani badala ya karamuni, na kwamba kwa mazoea hayo imepitwa na jambo ambalo majina ya mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, yamelidhihirisha kwa miongo mingi.

Tuanze na riwaya ya Ali Mazrui, The Trial of Christopher Okigbo (1971). Mshairi Okigbo, aliyeuawa mwaka 1967 akipigania Biafra, anashtakiwa ahera kwa kuutanguliza umma wake mbele ya sanaa yake. Hamisi, Mkenya, ndiye anayemtetea. Apolo-Gyamfi, Mghana, ndiye anayemshtaki. Mazrui alikuwa na uhuru wote wa kibunilizi. Katika ahera yake ya Kiafrika angeweza kuwakutanisha wafu kwa namna yoyote aliyotaka, naye akachagua kesi. Hata huko ambako hakuna tena wa kuuawa, mtu hana budi kuwa na hatia au kutokuwa nayo.

Miaka mitano baadaye Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo walichapisha The Trial of Dedan Kimathi (1976), tamthilia ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Mzalendo Kimathi. Waandishi hawakukusudia kunakili kesi iliyosikizwa Nyeri mwaka 1956. Walikusudia kuipindua, ili anayehukumiwa awe ndiye hakimu. Hata hivyo, mapinduzi hayo yanatendeka ndani ya ukumbi uleule wa mahakama. Ukarimu unapojitokeza humo, hujitokeza ukiwa umegeuzwa. Wageni wanamjia Kimathi gerezani, na kila mmoja anakuja na ahadi inayodai malipo. Mkate nao, chakula cha kawaida kabisa, unabebwa na Mwanamke ukiwa umefichwa bastola ndani yake. Taswira hii ina nguvu kubwa. Inatuambia kwamba katika nchi iliyovamiwa hapana mlo usio na vita ndani yake.

Hatuulaumu uteuzi huo. Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa pasipo alama, na kwa mtu wa namna hiyo kudai kesi mpya ni haki. Lakini mbinu ya mahakama ina mipaka yake. Mahakama hutambua pande mbili tu, na shahidi huulizwa yale tu yanayoihusu kesi. Waliouawa na upande tunaouunga mkono hukosa kiti humo, au hupewa kile cha msaliti.

Sasa tuelekee Eastlands. Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyewapinga Mau Mau, aliuawa Nairobi mwishoni mwa mwaka 1952. Ambrose Ofafa, diwani wa jiji na mweka hazina wa Luo Union, aliuawa mwaka uliofuata. Serikali ya kikoloni ikawakumbuka kwa mitaa: Mbotela, Ofafa Jericho, Ofafa Maringo. Baada ya uhuru jina la Kimathi nalo likaingia katika mitaa iyo hiyo ya mashariki, hata leo mtu aweza kutoka Kimathi akafika Mbotela kwa miguu. Huko huko Eastlands ipo Kaloleni, ambako katika ukumbi wake, mwezi wa Aprili 1950, Makhan Singh alidai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, dai lililofuatwa muda mfupi baadaye na kukamatwa kwake na kizuizi cha zaidi ya miaka kumi. Hakuna mwandishi aliyewapangia watu hawa viti. Watawala wawili waliofuatana, kila mmoja kwa hila yake, ndio waliowaketisha pamoja. Kondakta wa matatu huyataja majina yao kwa sauti moja, bila kumtanguliza shujaa wala kumwacha nyuma aliyeitwa msaliti.

Hiyo ndiyo karamu ambayo fasihi yetu haijaiandika. Tukiiwazia, na ifanyike Pumwani au Shauri Moyo, mtaa uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya wenye nyumba waliobomolewa Pangani, ambao wengi wao walikuwa wanawake. Mmoja wa wanawake hao na awe mwenyeji. Chakula kiwekwe juu ya sinia, kwa kuwa sinia halina upande wa mbele wala wa nyuma, na anayekula humo huona mkono wa mwenziwe. Hapo Kimathi hatamjibu hakimu. Itambidi ampishe Ofafa anawe, kisha amtazame. Singh ataulizwa kwa nini jina lake halikupewa mtaa. Na mwenyeji, ambaye historia rasmi haikumwita mahakamani wala karamuni, atakuwa na haki ya kuuliza ni nani kati yao aliyewahi kulipa kodi yake ya nyumba.

Yupo atakayepinga kwamba karamu ya aina hii ni njia ya kuosha damu. Pingamizi hili ni zito. Baada ya mwaka 1963 Wakenya walihimizwa kusahau yaliyopita, na marufuku dhidi ya Mau Mau haikuondolewa hadi mwaka 2003. Waliohimizwa kusahau ndio waliokuwa wamepoteza mashamba. Lakini karamu ya kusahau humtaka mgeni anyamaze ndipo ale. Karamu tunayoizungumzia humlisha kwanza, kisha humdai neno. Mezani hapana wakili wa kumsemea mtu, wala hukumu ya kuyafunga mazungumzo. Yule aliyeua na yule aliyeuawa wote watakuwapo hata sahani zitakapoondolewa.

Makala haya hayadai kuwa fasihi ya mahakama imekwisha kazi yake. Madai yetu ni madogo zaidi, nayo yanaihusu idara hii. Tunapowafundisha wanafunzi kumsoma Kimathi, tuwaulize pia ni nani aliyeachwa nje ya ukumbi. Wengi wao wanatoka Eastlands au wanapanga humo. Mbotela wanaijua kama kituo cha kushukia. Mhakiki anao wajibu wa kuwaeleza kwamba ni jina la mtu aliyeuawa, na kwamba jirani yake ni Kimathi.