Sura ya Kuazima

Kwenye jalada la albamu yake ya 2007, Salah Edin ana ndevu na macho yamekazia kamera, kama picha zile polisi humpiga mtu akishakamatwa. Albamu inaitwa Nederlands Grootste Nachtmerrie, jinamizi kubwa kuliko yote la Uholanzi. Waholanzi hawakuhitaji kuelezwa imeigwa wapi. Ni Mohammed Bouyeri, mzaliwa wa Amsterdam mwenye asili ya Moroko, aliyemuua mtengenezaji filamu Theo van Gogh tarehe 2 Novemba 2004.

Alikuwa anatafuta kiki tu? Mimi sikubali. Mwaka 2002 mwanasiasa mmoja wa Amsterdam alinaswa na runinga akiwatukana vijana Wamoroko, tena akiongea na meya. Rapa Raymzter, naye mwenye damu ya Moroko, akalichukua tusi lenyewe akalifanya jina la wimbo. Alichokuwa anaomba ni haki tu: tusiwekwe wote kapu moja. Salah Edin yeye hakuomba kitu. Mnasema mimi ni zimwi? Haya, zimwi ndilo hili.

Sikiza Het Land Van... Jina hilo alilitwaa kutoka kwa ngoma ya Lange Frans na Baas B ya 2005, iliyofika namba moja, ambamo wawili hao wanaihesabu nchi yao mema na mabaya, ila mwishowe ni nyumbani. Jamaa anahesabu pia, lakini kama mtu aliyeachwa mlangoni. Kwenye video, kijana wa kawaida anabadilika pole pole hadi anaishia kwa nguo za rangi ya chungwa za Guantanamo. Hiyo ndiyo kazi yake kali zaidi, kwa sababu unamwona akigeuka. Jalada, kwa upande wake, linakuonyesha aliyekwisha kugeuka, na ukishaliona ni vigumu kusikia kitu kingine.

Halafu Machi 2008 ikaja Fitna, filamu ya Geert Wilders dhidi ya Uislamu. Mahali pa picha ya Bouyeri wakaweka ya rapa. Hebu fikiria! Mzaha wake ulikuwa umethibitishwa na adui mwenyewe, bure kabisa, kwamba kwao sura zote hizi ni moja. Lakini pia uso wake ulikuwa umezunguka dunia kama wa muuaji. Alitafuta wakili, picha ikaondolewa. Kuna walioona alijitakia. Kwangu hiyo ni hoja ya kivivu: anayemtuhumu mtu ndiye mwenye jukumu la kuhakikisha ni nani aliye pichani.

Kinachoniuma ni kwamba haya yote yameizika Horr, albamu aliyoitoa kabla, 2006, akichana kwa Kiarabu cha mitaani cha Moroko. Horr maana yake huru. Sisi tuliolelewa na rapu ya Sheng tunajua raha ya kusikia lugha ya nyumbani ikipanda juu ya biti bila kuomba ruhusa. Anza na hiyo, jalada la jinamizi utalikuta baadaye.