Kivumishi "Nice" na Mizani ya Mfasiri

Vivumishi vya Kiingereza vilivyolaumiwa kama "nice" ni vichache. Katika riwaya ya Jane Austen, Northanger Abbey, iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 1817, Henry Tilney amtania Catherine Morland kwa kulitumia neno hilo juu ya kitabu, kwani limekwisha kuwa sifa ya kila kitu. H. W. Fowler naye, katika kamusi yake ya matumizi ya mwaka 1926, alisikitika kwamba neno hilo limepotezewa upekee wake. Lawama hizi zina chembe ya ukweli, lakini zimejengwa juu ya msingi dhaifu: kwamba neno lina maana moja ya haki, na kwamba matumizi huiharibu.

Kama asili ya neno ingekuwa ndiyo sheria yake, "nice" lingalimaanisha mjinga hata leo. Shina lake ni "nescius" la Kilatini, yaani asiyejua, nalo liliingia Kiingereza kwa njia ya Kifaransa cha kale likiwa na maana ya upumbavu. Baadaye lilibeba maana ya mtu mgumu wa kuridhika, kisha ya uangalifu na uchambuzi wa ndani; maana ya kupendeza ilienea katika karne ya 18. Basi ule unadhifu ambao Tilney autetea kuwa ndio maana ya awali, wenyewe ulikuwa mgeni. Kiswahili hakikosi mifano ya namna hii. "Maalum" katika Kiarabu ni kitu kinachojulikana; kwetu ni kitu cha pekee. "Safi" limetoka katika usafi wa maji na nguo likawa sifa ya jibu zuri au ya pasi iliyomfikia mchezaji barabara. Hakuna asemaye kwamba maneno haya yameoza.

Hatari iko kwingine. Katika Julius Caesar, tamthilia iliyofasiriwa kwa Kiswahili na Julius K. Nyerere mwaka 1963, Cassius amsihi Brutus katika tendo la nne kwamba wakati wa vita haufai kukaripia kila kosa, na kosa hilo Shakespeare alivika kivumishi hiki hiki. Mwanafunzi aliyezoea "-zuri" ataandika "kosa zuri", na hoja yote ya Cassius itapinduka, kwa kuwa yeye asema habari ya kosa dogo, lisilo na uzito. Vivyo hivyo, tofauti iitwayo "nice" katika maandishi ya sheria au falsafa si tofauti nzuri, bali ni tofauti nyembamba, isiyoonekana upesi.

Kwa hiyo hapana budi kivumishi hiki kipimwe pamoja na nomino yake na zama zake: chakula kitamu, mtu mwema, siku njema, kosa dogo, tofauti nyembamba. Kamusi impayo msomaji "-zuri" peke yake haijamdanganya. Imemwacha nusu ya njia.