Taji, Yai na Sheria: Kuhusu Tafsiri ya "Juliasi Kaizari"

Mwaka 1963, Jamhuri ya Tanganyika ikiwa bado changa, ilitolewa na Oxford University Press tafsiri ya Kiswahili ya mchezo wa Shakespeare, nayo iliitwa "Julius Caezar". Mfasiri alikuwa Rais wa nchi mwenyewe, Mwalimu Julius K. Nyerere. Mwaka 1969 tafsiri hiyo ilitolewa tena baada ya kusahihishwa, na jina lake likawa "Juliasi Kaizari". Mara nyingi kitabu hiki husifiwa kwa kuwa ushahidi kwamba Kiswahili chaweza kubeba fikira nzito za lugha nyingine. Sifa hiyo ni ya haki, walakini haitoshi. Kitabu hiki ni pia kazi ya mtu aliyekuwa akijenga serikali mpya, na swali kubwa la mchezo ni lile lile lililokuwa juu ya meza yake.

Kwanza yafaa kutazama lugha. Mfasiri aliacha vina, akafuata mtindo wa Shakespeare wa mistari isiyofungwa mwishoni kwa sauti moja. Kwa masikio yaliyolelewa na tenzi na mashairi jambo hili lilikuwa geni, na hasara yake ni dhahiri: mistari haishiki moyoni upesi, na pengine hukaribia kuwa maneno ya kawaida tu. Faida yake, hata hivyo, ni kubwa kuliko hasara. Ubeti wa shairi hupenda kulifunga wazo kabla ya kuanza lingine; lakini mtu anayeshindana na nafsi yake hafungi wazo, hulivuta, hulirudia, hulikana. Mchezo huu umejaa watu wa namna hiyo, na wa kwanza wao ni Brutus.

Usiku, katika bustani yake, Brutus apima kama Kaizari yapasa auawe. Akiri mwenyewe kwamba Kaizari hajamtendea ubaya, wala hajaonekana kuiacha akili yake itawaliwe na tamaa. Lakini akivikwa taji, labda atageuka. Basi Brutus akata shauri kumhesabu kama yai la nyoka, livunjwe kabla halijaanguliwa. Hapo ndipo kiini cha mchezo kilipo. Kaizari hauawi kwa alilotenda. Auawa kwa ambalo huenda angelitenda.

Sasa tafsiri na ipimwe pamoja na mambo ya wakati wake. Tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ilipokuwa jamhuri, taji la Malkia wa Uingereza liliondoka, na mamlaka makubwa yakawekwa katika kiti kimoja, kiti cha Rais. Mwaka 1963 utawala wa machifu nao ukaondolewa. Na aliyekuwa kiongozi wa serikali hiyo alikuwa mwana wa Burito, chifu wa Wazanaki. Hivyo mataji yaliondoka juu na chini, lakini hofu ya wenye kutawala haikuondoka nayo. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini, iliyotungwa mwaka 1962, ilimpa Rais uwezo wa kumfunga mtu pasipo kumpeleka mahakamani, kwa kuchelea usalama wa nchi. Hoja ya sheria hiyo ni hoja ya Brutus iliyogeuzwa upande. Brutus amwogopa mtawala kwa jambo asilolitenda bado. Sheria yamwogopa raia vivyo hivyo. Kila mmoja ashika yai mkononi na kuapa kwamba ndani mna nyoka.

Haifai kusema kwamba mfasiri alijichora katika Kaizari au katika Brutus. Wala si haki kusahau shida zake. Januari 1964 askari waliasi mjini Dar es Salaam, na serikali ililazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza. Nchi changa isiyo na jeshi la kutegemewa ina sababu ya kuhofu, na mtawala anayengoja mpaka nyoka aanguliwe huenda asipate nafasi ya pili. Msomaji wa chapa ya 1969 alikuwa na kumbukumbu hiyo. Msomaji wa 1963 hakuwa nayo.

Lakini mchezo hauishii bustanini. Brutus ahutubia watu, nao, badala ya kushangilia uhuru, wapaza sauti kwamba yeye na awe Kaizari. Wamemwona mtu, kiti chenyewe hawakukiona. Kisha ghasia zatoka nje, na mshairi aitwaye Cinna auawa kwa kuwa jina lake lafanana na la mmoja wa wauaji. Mwisho Mark Antony, Octavius na Lepidus waketi kutia alama majina ya watu wa kufa, Lepidus akimtoa ndugu yake na Antony akimtoa mwana wa dada yake. Hivyo, hukumu ya kosa lisilotendwa bado yaanza kwa mtu mwema mwenye shaka, yaishia kwa watu wasio na shaka hata kidogo, wenye orodha mkononi.

Mwaka 1985 Nyerere aliacha urais kwa hiari, na Ali Hassan Mwinyi akachukua nafasi yake bila damu kumwagika. Jambo ambalo Warumi wa mchezo hawakulijua, yaani kutenga mtu na kiti, Tanzania ililiona kwa macho. Walakini sheria ya 1962 haikuondoka pamoja na mtu. Ilibaki kitini, ikimngoja ajaye. Kwa sababu hiyo tafsiri hii yastahili kusomwa na watu wa sheria sawasawa na watu wa lugha, na yafaa waanze na bustani ya Brutus, si na hotuba za mazishi. Hotuba za Antony zaonyesha jinsi watu wanavyodanganywa. Bustani yaonyesha jinsi mtu mwaminifu anavyojidanganya mwenyewe, na serikali mpya huponzwa zaidi na hilo la pili.