Mishamo ya sauti moja

Ukitaka kusoma kuhusu Mishamo, hutakwenda mbali kabla ya kukutana na Purity and Exile cha Liisa Malkki, kilichotoka 1995. Malkki aliwafuata Wahutu waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972, akalinganisha waliowekwa kwenye makazi ya Mishamo na waliojichanganya mjini Kigoma. Wa Kigoma wengi hawakutaka hata kuitwa wakimbizi. Wa Mishamo walijiona taifa lililo uhamishoni, lenye historia inayosimuliwa karibu kwa sauti moja.

Nguvu ya kitabu ni masikio. Masimulizi yameachwa yawe marefu, yajirudie, yatishe.

Ila sauti hiyo moja inanitia shaka. Palipehutu ilizaliwa humo humo Mishamo, 1980, na penye chama, mwenye hotuba husikika kuliko mwenye jembe. Jembe lenyewe kitabuni lipo, lakini zaidi kama ushahidi wa kunyonywa: tumefyeka pori, wengine wanafaidi. Hakuna aliyelipenda shamba lake?

Maana mwaka 2007 walipoulizwa, takriban wanne kati ya watano katika Mishamo, Katumba na Ulyankulu walichagua uraia wa Tanzania. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa, kweli. Lakini na wazee waliofyeka pori walikuwepo kwenye foleni (vyeti vyenyewe wakavisubiri hadi 2014). Upendo huo wa ardhi haukuota siku moja. Naurudia kuutafuta katika kurasa za Malkki, kati ya hotuba na hotuba.